Kanga Ukutani

Kanga ni nguo ya kuzunguka mwili. Ukiitandaza ukutani umeinyima kiuno, mabega na mwendo wa mvaaji, na anayesimamia maonyesho ya nguo mjini London lazima kwanza aikubali hasara hiyo, kisha aamue ataifidia vipi. Mwaka 2013 British Museum ilionyesha Social Fabric, maonyesho yaliyoandaliwa na Chris Spring, ambamo kanga za Kenya na Tanzania zilikutana na capulana za Msumbiji na shweshwe za Afrika Kusini. Mwaka 2015 yakahamia Walthamstow, katika William Morris Gallery, nyumba aliyoishi ujanani yule fundi wa Kiingereza aliyepata jina kwa maua na majani aliyoyachapa kwenye vitambaa. Uchaguzi wa mahali peke yake ulitosha kunifurahisha. Mchapaji amekaribishwa kwa mchapaji mwenzake. Hakuna aliyeisukumia kanga kando ya mikuki na ngoma.

Kutundika kwenyewe ndiko kunakoficha ustadi. Hakuna msumari wala pini inayotoboa kitambaa. Mhifadhi huchukua utepe wa pamba, akaupiga velkro kwa cherehani, kisha utepe huo akaushona kwa mkono nyuma ya ukingo wa juu wa kanga. Sindano ni nyembamba na haipasui uzi. Inapenya kati ya uzi na uzi, ili siku ya kufumua pasibaki alama. Nusu ya pili ya velkro iko kwenye ubao uliofunikwa ili asidi ya mti isiifikie nguo. Ubao ukishafungwa ukutani, kanga inabandikwa kwa viganja, kuanzia katikati kwenda pembeni, inabanduliwa, inabandikwa tena, mpaka pindo la chini litulie.

Na pindo la chini halitulii upesi, kwa sababu kanga ya kiwandani haijanyooka. Mara nyingi uchapaji umekwenda upande kidogo. Ukifuata ukingo wa kitambaa, jina, yaani yale maandishi ya kanga, linalala. Ukifuata jina, ukingo unapanda. Nyumbani hakuna anayeliona hilo, maana ikishafungwa kiunoni kila kitu kinakunjamana. Ukutani linaonekana kutoka mlangoni. Mimi ningefuata jina, ukingo upande unavyotaka. Macho ya msomaji yatakwenda kwenye maandishi kabla ya kufika kwenye pindo.

Halafu kuna doti. Dukani kanga mbili huja zimeshikana, karibu mita tatu, na tukizifikisha nyumbani tunazikata na kuzipinda. Jumba la makumbusho halithubutu, kwani mkasi ukishapita umepita. Lakini doti nzima inakula ukuta, na nafasi London ni ghali hata kwa nguo. Wapo wanaokunja nusu moja nyuma na kuonyesha kanga moja kama picha ya kuchorwa. Sipendi. Kanga iliyo peke yake ina mwenzake mahali fulani, kwa shoga au kwa mkwe, na aliyeitazama ukutani hatajua kwamba kuna mtu aliyegawiwa. Heri doti tano zenye nafasi ya kupumua kuliko kanga ishirini zilizobanana.

Wageni hulalamika kuwa vyumba vya nguo ni giza. Kawaida ya makumbusho kwa nguo ni luksi 50. Jua la saa sita Kariakoo hufika luksi 100,000, na kamba ya kuanikia imeshatufundisha sote linachofanya. Rangi iliyopauka hairudi, na kila saa ya mwanga inajumlishwa kwenye zilizotangulia. Ndiyo maana nguo huonyeshwa kwa miezi, kisha hurudishwa gizani kupumzika. Msimamizi hodari hapambani na giza hilo. Humpitisha mgeni kwanza kwenye chumba chenye mwanga wa wastani, macho yazoee, na akiingia ndani zile luksi 50 zinamtosha. Kisutu, kanga yenye wekundu na weusi, hupendeza chini ya taa yenye umanjano kidogo. Chini ya taa nyeupe kali kinaonekana kama bendera ya chama.

Tazama pia pembezoni. Kwenye kanga nyingi za Mombasa kuna maandishi madogo ya muuzaji, na maarufu kuliko yote ni Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Fremu mbaya huyafunika. Msimamizi anayejua kazi huyaacha wazi, maana humo mtafiti hupata muuzaji, na pengine hata umri wa nguo.

Kibao cha maelezo kinaruhusiwa maneno kama 60. Kanga yenye jina Sisi sote abiria dereva ni Mungu haina taabu. Hata asiyewahi kupanda daladala anaielewa. Ila Mtasema mchana usiku mtalala itaelezwaje kwa mtalii wa kutoka Leeds? Kueleza maana hakutoshi. Anahitaji kuambiwa kwamba mwanamke aliivaa makusudi na kupita nayo mbele ya mlango wa mtu fulani, bila kufungua kinywa, na mwenye mlango akasoma. Maneno 60 yanatosha kwa hilo, mwandishi akikubali kuacha kuhadithia historia nzima ya biashara ya pamba.

Victoria and Albert Museum ilipoandaa Africa Fashion, iliyofunguliwa Julai 2022 chini ya Christine Checinska, mwaka uliotangulia iliwaomba wananchi watazame makabatini mwao na kwenye picha za familia. Napenda msimamizi anayeanza kwa kuuliza. Na tangu Mei 2025 mlango umepanuka zaidi: katika ghala la jumba hilohilo, V&A East Storehouse, mashariki ya London, mtu yeyote anaweza kuomba mapema atolewe vitu anavyotaka na kuvitazama kwa karibu, hata kama hana barua ya chuo.

Ninachokitamani bado ni kanga iliyochakaa. Nyingi tunazoziona makumbushoni zimetoka dukani zikiwa ngumu kwa wanga, hazijaguswa na maji. Nileteeni iliyobeba watoto watatu mgongoni, imepauka katikati, imechanika pale fundo linapokaa, yenye doa la mawese lililogoma kutoka. Kuitundika hiyo ni kazi nyingine kabisa. Itahitaji kitambaa cha kuiegemeza nyuma, kilichotiwa rangi ifanane na mpauko wake, na mshono wa kuishikilia palipochanika pasipo kuficha mchaniko. Pia itahitaji mtu wa kumkataza mwenzake asije akaondoa lile doa. Wenye mikono ya kazi hiyo wapo Bloomsbury, kwenye British Museum, na South Kensington, kwenye Victoria and Albert. Wakiomba, nyumba za wenzetu walioko Barking na Reading zina za kuwapa.