Mzazi Anapoandika Juu ya Mauaji ya Mwanawe

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini je, mzazi huyo aweza kuwa shahidi mwema? Swali hili linanirudia kila ninapokifungua kitabu cha Mwingereza John Ward, The Animals Are Innocent, yaani wanyama hawana hatia, kilichotoka mwaka 1991. Binti yake Julie, mwenye umri wa miaka 28, aliuawa katika hifadhi ya Maasai Mara, Kenya, Septemba 1988.

Wakubwa walidai kwamba ameliwa na wanyama. Baba akaonyesha mifupa. Daktari wa polisi alikuwa ameandika kwamba mguu ulikatwa kwa kitu chenye makali. Mkubwa wake akayabadili maneno yale. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu. Kule chuoni niliwahimiza walimu wanafunzi waandike kwanza walichokiona, ndipo waseme wanachofikiri. Ward anapoishika kanuni hiyo, hata msomaji mgumu husadiki.

Anapofika kwenye kuwashuku watu, namsoma kwa tahadhari. Mwaka 1992 mahakama iliwaachia huru askari wawili wa hifadhi, na mwaka 1999 ikamwachia aliyekuwa mhifadhi mkuu. Hao nao ni wana wa watu. Machozi, hata yawe ya haki namna gani, si ushahidi.

Liko jambo jingine zito zaidi. Ward alikuwa mwenye hoteli, akaweza kwenda Kenya zaidi ya mara 100. Hata hivyo alifariki mwaka 2023 pasipo mtu yeyote kutiwa hatiani. Sasa, ndugu msomaji, tutazame kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, huku Mbozi watu waliuawa na kuchunwa ngozi. Mkulima wa kahawa angepata wapi nauli ya kufuatilia kesi Mbeya, sembuse ya kuvuka bahari? Sijapata kukiona kitabu cha mzazi hata mmoja wa marehemu wale. Si kwamba waliwapenda wana wao kidogo.

Kwa hiyo nakisifu kitabu hiki, na nawaomba walimu wa Vwawa, Mlowo na Tunduma: keti na wazee hao wangali hai. Andika jina la marehemu, siku aliyotoweka, nani alimwona mwisho. Hukumu waachie mahakimu. Daftari halina bei ya tiketi ya ndege.