Pa Kuanzia Katika Riwaya za Jiji za Meja Mwangi

Mfululizo wa riwaya humtwika msomaji swali ambalo riwaya moja haliibui: aanzie wapi? Terry Pratchett aliandika riwaya 41 za fantasia ya kuchekesha kuhusu Discworld, ya kwanza ikitoka mwaka 1983 na ya mwisho 2015, na wapenzi wake wengi humshauri mgeni asianze na ile ya kwanza. Kwetu swali hilo linahusu vitabu vitatu tu: Kill Me Quick (1973), Going Down River Road (1976) na The Cockroach Dance (1979), vyake Meja Mwangi. Wahusika wakuu hawavuki kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Kwa hiyo msuko haumlazimishi msomaji kufuata mpangilio wowote. Kinacholazimisha ni mazoea.

Mazoea hayo hufuata tarehe, na yana hoja. Meja na Maina wana vyeti vya shule lakini hawana kazi, na safari yao huwafikisha jela. Ben na Ocholla wanajenga Development House, jumba ambalo halitakuwa lao. Hatimaye Dusman Gonzaga anawachochea wapangaji wa Dacca House wamnyime kodi mwenye nyumba, Tumbo Kubwa. Ukisoma hivi, utaona mwamko ukikua kutoka kukata tamaa kwa mtu binafsi hadi mshikamano wa wengi.

Hata hivyo, mpangilio huu humfunza msomaji kuuona ufukara kwanza na kukisikia kicheko baadaye. Aliyeanza na Kill Me Quick huelekea kuisoma kama taarifa ya hali ya jamii, na afikapo Dacca House kejeli huwa kwake pambo tu la taarifa hiyo. Makala haya yanapendekeza aanze na The Cockroach Dance. Humo kicheko ndicho chombo cha kufikiria. Mende wanaelekea kuwa wapangaji wenye haki kuliko binadamu. Bafu limegeuzwa chumba cha kukodishwa, na anayeishi humo hana jina ila Bathroom Man. Kutia chumvi huku kunakaribia fantasia, lakini ni mantiki ya kodi iliyofikishwa mwisho wake.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Eastlands. Dacca House iko Grogan Road, ambayo leo ni Kirinyaga Road, nje kidogo ya mitaa hiyo. Lakini aliyekulia Shauri Moyo au Bahati, katika nyumba za chumba kimoja zenye bafu na choo vya pamoja, hahitaji kufafanuliwa foleni ya asubuhi. Akiingia maktaba ya Kaloleni au ya Makadara, matawi ya McMillan, na kukutana kwanza na Dusman, anajikuta miongoni mwa wanaocheka na kuhoji. Akikutana kwanza na Meja na Maina, huenda akajiona kielelezo cha tatizo ambalo wengine wamelifanyia utafiti.

Yapo mawili ya kupinga. Kwanza, kuanza na mgomo wa kodi ni kuanza na tumaini kisha kurudi gizani. Ni kweli, ila msomaji aliyekwisha kuona wapangaji wakiungana atauliza kwa nini Maina hakupata wa kuungana naye, na swali hilo ni bora kuliko huruma. Pili, The Cockroach Dance ina marudio, na wanawake wake, kama Wini wa Going Down River Road, huonekana zaidi kwa macho ya wanaume. Kasoro hii ya pili haiponyeshwi na mpangilio wowote, na mwalimu asiifiche.

Basi tuanze 1979, turudi 1976, tumalize 1973. Kill Me Quick ikisomwa mwisho, hata mzaha wa jina lake, ambalo ni jina la pombe haramu, husikika kwa ukali wake wote.