Kaimati: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Kaimati ni vidonge vya unga wa ngano ulioumuliwa kwa hamira, vikakaangwa katika mafuta mengi, kisha vikatiwa shira. Jina limetoka katika Kiarabu, luqaimat, yaani vitonge vidogo, na chakula chenyewe ni cha kale. Kitabu cha mapishi cha Muhammad al-Baghdadi, kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, kinaeleza luqam al-qadi, matonge ya kadhi: kinyunya kilichoumuka hukatwa vipande vidogo, hukaangwa, huchovywa katika shira. Waturuki wanaviita lokma, na mjini Izmir hukaangwa barabarani na kugawiwa wapita njia bure kwa ajili ya kumrehemu marehemu. Wagiriki wana loukoumades zao za asali. Watu wa Ghuba humiminia asali ya tende na kunyunyizia ufuta. Katika pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, kaimati ni chakula cha futari, na hilo ndilo linalotoa kipimo cha ubora wake: hukaangwa alasiri, huliwa magharibi. Kaimati yoyote ni tamu ikitoka karaini. Iliyo bora ni ile ambayo ganda lake bado linavunjika kwa mlio adhana inapoadhiniwa.

Ubora huo huanzia kwenye rojo. Mpishi hodari huipiga kwa mkono, akiichota kutoka chini na kuibwaga, mpaka ivutike na kung'ang'ania vidole. Ikiumuka vizuri hujaa mapovu, na mapovu hayo ndiyo mashimo yatakayoonekana baadaye ndani ya kaimati. Kosa kubwa ni kuzidisha unga ili rojo ikatike kwa urahisi. Kaimati za namna hiyo hutoka za duara safi, zote sawasawa, na huwahadaa wanunuzi wengi, lakini ukiishika mkononi ni nzito na ndani imeshikana kama mkate. Kaimati iliyochotwa kwa mkono wa kushoto, ikaminywa ipenye kati ya kidole gumba na cha shahada, ikakatwa kwa kijiko kilicholoweshwa, mara nyingi hubaki na kimkia kidogo. Kimkia hicho si kasoro. Mikia mirefu na umbo lililobapa ndiyo dalili ya rojo iliyozidi maji.

Moto unaofaa ni wa wastani. Mafuta yakiwa baridi kaimati huyanywa. Yakiwa makali mno huiva nje tu, ndani unga ukabaki unanata. Kaimati zinapoelea lazima zikorogwe bila kuachwa, ziive pande zote. Yenye mshipi mweupe kiunoni haikugeuzwa.

Kisha shira. Sukari na maji huchemshwa pamoja na iliki, pengine zafarani, mpaka tone likibanwa kati ya vidole viwili livute uzi. Matone machache ya ndimu huizuia sukari isirudi kuwa chenga, kwa kuwa asidi yake huivunja sehemu ya sukari hiyo. Shira nyepesi hupenya ganda na kulilainisha. Iliyokomaa hulivika utando mwembamba unaong'aa, na kaimati hupinduliwapinduliwa ndani yake mpaka kila moja ivikwe. Shira hutia ladha, lakini haiwezi kuiokoa kaimati iliyoharibika kwenye rojo.

Anayetaka kuhakiki aimege moja katikati. Ganda liwe jembamba, ndani kuwe na wavu wa mashimo au uwazi mtupu, na harufu ya iliki itangulie ile ya hamira. Halafu atazame chini ya sahani iliyokaa saa nzima: shira ikiwa imefanya dimbwi, ilikuwa changa, mafuta yakiwa yamechujika, karai halikuwa na moto wa kutosha. Sahani ya kaimati bora huwa inanata kidogo tu pale kila moja ilipokaa.