Simba wa Usiku: Wema wa Mungu katika Zaburi ya 104

Ushairi wa Kikristo katika Kiswahili una desturi moja inayostahili kuchunguzwa. Mshairi atakapo kuusifu wema wa Mungu, aghalabu hutaja jua, mvua na mavuno, kisha huufunga ubeti kwa fadhili, neema na rehema. Maneno hayo ni urithi wa pamoja wa Waislamu na Wakristo, nayo yana uzito wake. Lakini yakirundikwa pasipo kitu cha kushikika, msomaji haoni chochote. Makala haya yanaitazama Zaburi ya 104, katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ili kuonyesha kwamba sifa ya kweli huhitaji mambo mawili: jicho litambualo kitu kimoja kimoja, na ujasiri wa kutaja hata yatishayo.

Tuanze na jicho. Mtunga zaburi hatosheki kusema kwamba Mungu huwatunza wanyama. Hutaja makao ya kila mmoja: mbuzi-mwitu milimani, korongo mitini, wibari majabalini. Wibari ni yule mnyama mdogo ambaye wengi wetu humwita pimbi au pelele. Pimbi wa majabali ya nchi za Biblia ni wa jamii moja na yule wa majabali ya Kenya. Nao korongo weupe hufika Afrika Mashariki wakiikimbia baridi ya kaskazini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri huu ipo mlangoni petu. Hapa tafsiri yastahili lawama kidogo, kwani msomaji asiyelijua neno wibari humpita jirani yake bila kumtambua.

Tuje kwenye ujasiri. Wataalamu wameilinganisha zaburi hii na wimbo wa Misri wa kumsifu Aton, yaani jua, uliotungwa zama za Farao Akhenaton, karne ya 14 K.K. Tungo zote mbili zina simba wa usiku. Katika wimbo wa Kimisri, usiku ni mfano wa mauti: jua limetua, simba hutoka pangoni na nyoka huuma. Katika zaburi, giza lenyewe limewekwa na Mungu, na ngurumo ya simba ni ombi la chakula kwa Muumba. Jua lichomozapo, simba hurudi kulala na binadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Windo la simba na jembe la mkulima vimepangwa kwa zamu katika siku moja. Ndipo tunapoona kwamba kwa mtunzi huyu kazi ya kawaida ni sehemu ya uumbaji.

Yawezekana mtu akauliza: mchungaji aliyeliwa mbuzi wake na simba huyo atasifu nini? Zaburi haimjibu, lakini haimdanganyi pia. Yakiri kwamba Mungu aufichapo uso wake viumbe hufadhaika na kurudi mavumbini. Aliyeushuhudia ukame wa mwaka 1984 nchini Kenya, ng'ombe wakianguka malishoni, hawezi kuridhika na shairi lisifulo mvua kana kwamba hainyimi mtu. Sifa isiyoujua ukame haina la kumwambia mkulima, hata vina vyake vikilingana namna gani.

Fani haituzuii. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo na Mkatoliki wa Dodoma, alizitia Injili na Zaburi katika utenzi, fani iliyolelewa na Waislamu wa pwani, naye akaonyesha kwamba chombo hicho chaweza kuubeba ujumbe wa Kikristo. Tunachodai kwa washairi wa leo si bahari mpya wala msamiati mpya wa dini. Na wamtazame pimbi akiota jua juu ya jabali, mama akipuliza moto wa alfajiri kwa kuni mbichi, na simba akinguruma karibu na zizi. Wakishayataja hayo kwa ukweli, neno fadhili litakuwa na mahali pa kukaa.