Kufufua Injini au Kununua Nyingine

Mwenye gari ambaye injini yake imeanza kutoa moshi wa samawati aghalabu huambiwa siku ile ile, na fundi ambaye hata plagi hajaifungua, kwamba dawa ni kununua injini nyingine iliyotoka Japani. Na ushauri huo, ijapokuwa mara nyingine ni sahihi, haustahili kukubaliwa kabla ya kupima, kwani moshi huarifu tu kwamba oili inaungua, wala haubainishi inapitia wapi. Huenda ni sili za vali zilizokauka, kazi ambayo haihitaji kuishusha injini.

Ikidhihirika kwamba ni silinda zilizolika, hukumu na ianzie kwenye bloku. Toyota 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyozifanya Land Cruiser kuwa gari za mbugani na za misheni, bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na silinda zake za milimita 94 zaweza kupanuliwa zikatiwa pistoni za ovasaizi; injini ya namna hiyo, maadamu haikupasuka, mimi sioni sababu ya kuitupa. Amma 1ZZ-FE ya gari ndogo, bloku yake ni ya alumini yenye silivu nyembamba za chuma, haikukusudiwa kupanuliwa, na kwa hiyo kununua nyingine ni busara zaidi. Ila pistoni zake za miaka ya mwanzo zina vitundu vya kurudishia oili ambavyo huziba kwa masizi, na anayenunua ya mtumba bila kuuliza ni ya toleo gani huenda akajinunulia maradhi yale yale.

Kazi ya kufufua hutambulikana kwa mambo ambayo mteja haonyeshwi mpaka aombe. Fundi stadi huipima kila silinda juu, kati na chini, kisha kwa upana wa pili, kwa kuwa silinda hailiki sawasawa. Huandika vipimo, na kofia za beringi huziweka kwa mpango ili kila moja irudi mahali pake. Bloku ikitoka kuchongwa huiosha kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli peke yake, mpaka kitambaa cheupe chenye oili kikipitishwa ndani ya silinda kitoke cheupe, maana vumbi la jiwe la kusugulia likibaki humo hula ringi mpya. Boliti za silinda hedi huzikaza kwa spana yenye kipimo, akianzia katikati na kwenda pembeni. Na anayemwaga silikoni kila kiungo (na hawa ni wengi!) hajui kwamba ile inayominyikia ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Ya mtumba haina mengi: rangi mpya itiliwe shaka, kizibo cha oili kifunguliwe kutazamwa tope jeusi au utandu wa rangi ya maziwa, izungushwe kwa mkono, na muuzaji akubali mgandamizo wa kila silinda upimwe, akikataa, iachwe. Bei itakayopatanwa iandikwe pamoja na namba ya injini, kwa sababu kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani, na isipobadilishwa huko mnunuzi wa baadaye atakuwa na haki ya kuuliza injini hiyo ilikotoka.