Hewa ya Pafu na Hewa Nje ya Pafu

Istilahi ya tiba haipimwi kwa ufupi wake tu, bali pia kwa picha inayomjengea msikilizaji. Miongoni mwa istilahi zinazostahili kupimwa hivyo ni zile za majeraha ya kifua yatokanayo na vita, hasa zitumikazo kueleza yaonekanayo katika picha za eksirei na altrasaundi.

Risasi au kipande cha bomu kikitoboa kifua, hewa huweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikalibana pafu hata likanywea. Kuifasiri hali hii "hewa mapafuni" ni kosa. Mapafuni ndipo mahali pa hewa. Msiba ni hewa iliyo nje yake. Vivyo hivyo, "damu mapafuni" haifai kwa damu iliyokusanyika nje ya pafu, kwani iko hali nyingine, ya pafu lenyewe kuvilia damu kwa kishindo cha mlipuko. Hali hiyo nayo ikiitwa "mchubuko wa pafu", msomaji hudhani pafu limeparuzwa kama goti la mtoto. Lugha yetu inalo neno vilio. Likiandamana na neno damu, halitachanganywa na wingi wa kilio.

Hoja hii si ya mapambo. Majeruhi alazwapo chali, hewa hupanda upande wa mbele wa kifua, na picha ya eksirei huweza isiionyeshe. Kwa hiyo waganga hutumia pia altrasaundi, wakitazama kama pafu linateleza kwenye ukuta wa kifua kila avutapo pumzi. Lisipoteleza, hushuku kwamba hewa imelitenga na ukuta. Muuguzi aliyefundishwa "hewa mapafuni" ataielewaje dalili hiyo? Tena, hewa ikizidi kukandamiza pafu na moyo, hutakiwa itolewe papo hapo bila kungoja picha yoyote. Na sindano hulenga uwazi ulio nje ya pafu, si pafu lenyewe.

Mnamo Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mamia ya majeruhi walipelekwa katika hospitali ya CBCA Ndosho. Katika mji huo, Kiswahili ni lugha ya wagonjwa wengi na ya jamaa zao. Mahali kama hapo, neno la mfasiri huenda moja kwa moja kitandani pa mgonjwa.

Wako watakaopendelea kutohoa na kusema "nimothoraksi". Kwa daktari hapana ubaya. Lakini neno hilo halimwambii mgonjwa wala jamaa yake lolote. Afadhali tuseme "hewa kifuani nje ya pafu", "damu kifuani nje ya pafu", na "vilio la damu pafuni". Ni ndefu kidogo, lakini kila moja huonyesha mahali pa dhara. Istilahi fupi ipotoshayo mahali hapo haina faida.