Kofia ya Bosi

Uzi wa programu hauna haya. Ukiuambia wewe ndiwe wa kwanza, utaikalia prosesa wala hautageuka kuona nani anangoja. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilizipa nyuzi zangu zote kipaumbele cha juu kabisa, kama mzazi asiyetaka kubagua watoto. Kipanya kikaganda katikati ya skrini. Nikachomoa waya ukutani.

Tangu hapo nawavulia kofia mafundi wanaopanga vipaumbele. Kwa macho ni namba tu. Kwenye VxWorks, mfumo endeshi wa kompyuta, ni 0 hadi 255, na sifuri ndiye mkubwa, jambo ambalo limeninyima usingizi zaidi ya mara moja. Ila fundi hasa hajiulizi tu nani mkubwa; anajiuliza mdogo ameshika nini mkononi.

Chombo cha Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na VxWorks hiyohiyo. Hazikupita siku nyingi kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Fikiria ofisi: kijana wa kufagia ameingia stoo na ufunguo ni mmoja tu, anao yeye. Bosi amesimama mlangoni anausubiri. Kijana angemaliza upesi, lakini makarani, wanaomzidi cheo ingawa stoo haiwahusu, kila mmoja anamsimamisha apishe kwanza shughuli zao. Kule Mirihi mfagiaji alikuwa uzi wa kukusanya habari za hali ya hewa, na bosi ni uzi wa kugawa taarifa ndani ya chombo. Saa ya ulinzi ilipoona bosi hajamaliza zamu yake, ikawasha kila kitu upya.

Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA kule California, waliendesha pacha wa chombo hicho maabara mpaka naye akaugua vilevile. Hapo ndipo ninapowastahi: hawakumpandisha cheo mfagiaji, wala hawakuwafukuza makarani. Waliwasha urithi wa kipaumbele, kipengele kilichokuwamo tayari ila kimezimwa, wakayatuma mabadiliko hayo hadi Mirihi. Mtafiti Lui Sha na wenzake wawili walikuwa wameuchambua utaratibu huo kwenye makala ya mwaka 1990. Bosi akikwama mlangoni, kofia yake anavishwa mfagiaji, na makarani wote wanampisha. Akishatoa ufunguo anavuliwa papo hapo, bosi anaingia, naye anarudi kwenye ufagio wake.